KUCHEKA NUSU: SAFARI NA PICHA ZILIVYONIRUDISHIA KUJIAMINI

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa Serikali mjini Dodoma, mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu wetu aliponiandikia alisema nichague jambo lolote litakalowafaa vijana. Kwanza nilifikiri niseme juu ya mipango ya maendeleo, maana ndiyo kazi inayonipa mshahara tangu mwaka 2005. Kisha nikaona la. Mambo hayo mtayasikia mkifika ofisini, tena mtayasikia mpaka mtayachoka. Leo nataka kusema juu ya uso wangu.

Naona wengine kule nyuma wameanza kutazamana. Msione haya, nitazameni mimi. Mkitazama vizuri mtaona kwamba nikicheka, upande wa kulia unacheka mara moja, lakini upande wa kushoto unachelewa kidogo, kama mwanafunzi aliyesikia kengele naye bado anatafuta kiatu chini ya kitanda. Habari ya upande huo wa kushoto ndiyo niliyokuja kuwasimulia.

Mtu wa safu ya nyuma

Tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1997 tunayo picha moja ya darasa, iliyopigwa mbele ya jengo la utawala. Nakala yake imetundikwa katika maonyesho ya leo pale mlangoni. Asubuhi hii wenzangu wawili wamenitafuta humo wasinione. Nimo. Niko safu ya nyuma kabisa, nyuma ya yule mwenzetu mrefu aliyekuwa golikipa, na kinachoonekana ni paji la uso na sikio moja. Nilijificha kwa makusudi. Nilikuwa kijana mwenye chunusi, na kwa hesabu yangu ya wakati ule mtu asiyeonekana hawezi kuchekwa.

Kwa hiyo wadogo zangu msidhani kwamba nazungumza nanyi kama mtu aliyezaliwa jasiri. Ujasiri mdogo niliokuwa nao niliupata kwa taabu, kidogo hapa shuleni katika midahalo, kidogo Chuo Kikuu, na mwingi kazini, hata ikafika siku nikaweza kusimama mbele ya wakubwa na kusoma taarifa bila karatasi kutetemeka. Nilidhani mali hiyo nimekwisha kuiweka benki. Kumbe nilikuwa nimeiweka mfukoni, tena mfuko wenyewe umetoboka.

Asubuhi ya chai

Ilikuwa Agosti 2021, majira ya baridi na vumbi huko Dodoma. Nilikaa kunywa chai, chai ikamwagika juu ya shati. Nikadhani kikombe kina ufa. Nikabadili kikombe, ikamwagika tena. Mke wangu akanitazama, akaweka sahani chini taratibu, akasema, "Hebu funga macho." Nikafunga. Akasema, "Yote mawili." Nikamwambia nimefunga yote mawili. Hakujibu. Nikaenda kwenye kioo nikaona mtu nisiyemjua: jicho la kushoto limebaki wazi, shavu limelegea, na mdomo wote umekwenda kulia.

Kabla jua halijapanda tayari nilikuwa nimepewa maelezo mawili. Jirani mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine alisema nimelogwa kwa ajili ya cheo. Nawaambieni kweli, cheo chenyewe hakikuwa kikubwa cha kumsumbua mchawi. Mke wangu hakubishana nao, alitafuta gari tukaenda hospitali.

Daktari aliniuliza kama mkono au mguu umelegea, kama maneno yanapotea, kisha akaniamuru nipandishe nyusi. Nyusi ya kulia ilipanda, ya kushoto ikakataa. Alinieleza kwamba swali lile la nyusi ni muhimu. Katika kiharusi cha kawaida, mdomo hupinda lakini paji la uso kwa kawaida hubaki na nguvu, na mara nyingi mkono au usemi huathirika pia. Mimi paji lilikuwa limelala pamoja na mdomo, na mkono ulikuwa mzima. Ilikuwa ni neva ya uso iliyovimba na kubanwa katika njia yake nyembamba ndani ya mfupa nyuma ya sikio. Ugonjwa huo hubeba jina la Charles Bell, daktari wa Uskoti aliyeieleza neva hiyo mwaka 1821. Humpata mtu yeyote, mkubwa au mdogo, wala si aibu wala si laana. Dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa mapema, ndani ya saa 72. Jicho lisilofumba lazima lilindwe kwa dawa ya matone mchana na kwa kubandikwa lifumbe usiku, lisije likakauka na kuharibika. Wagonjwa walio wengi hupona kabisa katika wiki au miezi michache.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu ukumbi huu una watu wengi, na huenda siku moja mmoja wenu akaamka hivyo, au mzazi wake. Msikae nyumbani kuamua wenyewe kama ni kiharusi au ni hii nyingine. Kimbieni hospitali siku ile ile. Mabishano ya jirani yatawasubiri.

Hasara ambayo daktari hakuiona

Mimi sikuwa katika wale waliopona kabisa. Baada ya miezi mitatu jicho lilifumba na chai ilikaa mdomoni, lakini shavu lilibaki zito. Na midomo yangu ilikuwa bado haijakubaliana kufunga sawasawa. Sasa, wadogo zangu, jaribuni kutamka herufi b, p na m bila kufunga midomo. Mmeona? Basi fikirini kazi ya afisa mipango. Kila sentensi yake ina mapato, matumizi, bajeti, mpango na mapendekezo! Nilikuwa kama mvuvi aliyekatazwa kugusa maji.

Mkutano wa kwanza niliorudi, neno "mapendekezo" lilinitoka kama upepo kwenye tairi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Wote walitazama karatasi zao. Baadaye mkubwa mmoja aliniita, akasema kwa sauti ya huruma kwamba kwa sasa ingefaa taarifa zisomwe na mtu mwingine, mimi nikae karibu nimsaidie takwimu. Sikumchukia, naye sina haja ya kumtaja. Lakini nilitoka ofisini kwake nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, nikitafuta golikipa wa kujificha nyuma yake.

Golikipa nilimpata. Ulikuwa wakati wa UVIKO-19, na watu wengi ofisini walivaa barakoa. Nami nikavaa yangu, nikaipenda kuliko shati. Wenzangu walipoanza kuzivua, mimi niliendelea. Nilikula chakula cha mchana peke yangu nikiwa nimeuelekea ukuta. Niliacha kwenda harusini kwa sababu ya wapiga picha. Kanisani nilikaa benchi la mwisho. Siku moja binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, aliniuliza kama corona imebaki nyumbani kwetu tu.

Ugonjwa ulinipooza shavu, lakini yaliyobaki niliyapooza mimi mwenyewe.

Mchezo wa kioo

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alinipa kazi ya kufanya kila siku mbele ya kioo: kupandisha nyusi, kukunja pua, kujaza mashavu hewa, kupiga mluzi, kutabasamu taratibu. Nilifanya siku mbili nikaacha. Kila nilipojitazama niliona kilichopotea. Nilipomweleza, hakunigombeza. Alisema, "Basi acha kioo. Jipige picha mara moja kwa wiki, utunze. Kioo hakikumbuki, picha inakumbuka." Kwa picha ningeweza kuona kama kuna maendeleo.

Nilijifungia chumbani kufanya hivyo. Binti yangu akasukuma mlango akanikuta nimejaza shavu moja kama chura. Hakuuliza kitu. Alikaa kando yangu akajaza mashavu yake, akakunja pua, akatoa ulimi, akasema, "Tupige!" Nikapiga. Katika picha ile yeye ana uso mbaya kuliko mimi, tena kwa hiari yake. Nikacheka, na nilipocheka shavu la kushoto lilitikisika. Kidogo tu, lakini lilitikisika.

Tangu siku ile zoezi likawa mchezo. Nilijifunza baadaye kwamba hatukuwa wa kwanza. Mchoraji wa Uholanzi Rembrandt, mwaka 1630, alipokuwa kijana, alijitazama kwenye kioo akachora nyuso zake mwenyewe akiwa ameduwaa, amekasirika, anacheka, mdomo wazi na macho yamemtoka. Mtu yule alijifunza sura za wanadamu wote kwa kuichezea sura yake.

Lakini aliyenigusa zaidi ni ndugu yetu wa Afrika, Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962. Akiwa mtoto mchanga alikuwa na ugonjwa wa kupooza, na kwa sababu hiyo hakupigwa picha ya utotoni kama ilivyokuwa desturi. Alikulia Nijeria kwa babu na bibi yake, akapitia vita vya Biafra, kisha akapelekwa kwa mjomba wake Bangui, Afrika ya Kati. Huko mwaka 1975, akiwa na miaka kumi na mitatu tu, alifungua studio yake ya picha. Mchana alipiga picha za wateja. Jioni, filamu ikibaki na nafasi chache, hakuzitupa: alivaa suruali pana, miwani mikubwa na viatu virefu vya mtindo wa siku zile, akajipiga mwenyewe. Baadhi ya picha alimpelekea bibi yake Nijeria, amwone kwamba yu mzima. Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa Bamako nchini Mali, na dunia ikamjua. Mwaka 2008 alijipiga tena akiwa katika mavazi na mikao ya mashujaa wa Waafrika, akina Lumumba, Nkrumah na Malcolm X. Mtoto aliyenyimwa picha moja akajipatia mamia. Nilipoisoma habari yake nilivua barakoa, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Mahali ambapo hakuna aliyenijua

Mambo ya chumbani ni rahisi. Shida ni mlango wa kutokea nje.

Aprili 2022 kazi ilinipeleka Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kaskazini ya Dodoma. Kazi ilikwisha Ijumaa. Wenzangu walirudi, mimi nikakumbuka mwalimu wetu wa jiografia, ambaye wengi humu mtamkumbuka kwa kutupandisha mlima wa nyuma ya shule siku za Jumamosi wakati wengine wanafua. Alizoea kutuambia kwamba ramani ambayo hujaikanyaga ni karatasi tu. Jumamosi asubuhi nikapanda basi hadi Kolo kwenda kutazama michoro ya miambani.

Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Nilijiandikisha katika ofisi ya Mambo ya Kale, nikapewa mzee mmoja wa kuniongoza. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akanitazama, kisha akauliza moja kwa moja kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mwanangu, mdomo umefanyaje?" Nikamweleza. Akasema, "Pole sana. Haya, huku kuna miiba, shika njia hii." Basi. Hakulizungumza tena.

Nilipanda kilima kile nikifikiri. Kwa miezi minane kila aliyenitazama alikuwa anaulinganisha uso wangu na ule wa zamani. Mzee huyu hakuwa na uso wangu wa zamani. Kwake yeye mimi nilizaliwa asubuhi ile, nikiwa hivi hivi, na nilikuwa natosha kabisa kuwa mtu anayepanda mlima.

Juu, chini ya jiwe lililoinama, wamo watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wembamba kama mabua, miili mirefu isiyo na kipimo, vichwa vikubwa vya mviringo kana kwamba wana nywele zilizotimka. Wamo na twiga, pofu na tembo. Hakuna hata mtu mmoja pale mwenye sura iliyonyooka! Wamekaa miambani maelfu ya miaka na watu wanatoka mbali kuja kuwatazama. Niliegemeza simu kwenye jiwe, mbali na michoro, nikaiwekea sekunde kumi, nikaenda kusimama mahali peupe: mikono juu, mwili nimeunyoosha, manyasi makavu kichwani. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Umefanana nao, lakini tumbo limezidi." Picha hiyo ndiyo ya kwanza niliyomwonyesha mtu ofisini.

Jiwe linalosema, na sultani wa Husuni

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu. Kila nipatapo siku mbili za mapumziko, naenda mahali ambapo sijapata kufika. Kila mahali napiga picha moja ya mzaha na moja ya kawaida, na ya mzaha hutangulia.

Septemba 2022 nilikwenda Iringa. Pale mjini kuna jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, maana yake kwa Kihehe ni jiwe linalosema, na inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akikaa hapo kutafakari. Nilipanda jioni, mji wote uko chini. Nikaona aibu: jiwe linasema, mimi nimenyamaza! Nikatoa mfukoni taarifa ya robo mwaka, nikaisoma kwa sauti yote, mapato, matumizi, mpango, mapendekezo, ukurasa baada ya ukurasa. Vijana wawili waliokuwa hapo walidhani mimi ni mhubiri, wakakaa kusikiliza. Nilipomaliza, mmoja akaniuliza fedha zilizobaki zimekwenda wapi. Ndugu zangu, hakuna mkaguzi aliyepata kunifurahisha kama yule kijana! Nilimjibu kwa ukamilifu, na katikati ya majibu nikagundua kwamba sikuwa nimeukumbuka mdomo wangu hata mara moja. Kesho yake nilikwenda Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Nina picha nikijifanya kulizuia nguzo moja lisianguke. Nguzo linaonekana limetulia. Mimi ndiye ninayeonekana nitaanguka.

Desemba mwaka huo tulikwenda Kilwa, familia nzima. Tulipovuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, niliwaeleza watoto jinsi wasafiri walivyokuwa wakingoja kivuko zamani. Kutoka Kilwa Masoko tulipanda mashua kwenda Kisiwani. Ndani ya mashua kulikuwa na mama na mtoto wake mdogo. Nahodha alisema neno la kuchekesha, tukacheka wote. Mtoto akanikazia macho, akamwambia mama yake kwa sauti, "Mama, huyu baba anacheka nusu!"

Mama yule alitaka bahari immeze. Akamfunika mtoto mdomo, akaanza kuniomba radhi. Mke wangu akanitazama kwa hofu. Mwaka mmoja nyuma ningeshuka kwenye mashua ile hata kama ni katikati ya maji. Nikamwambia mtoto, "Nusu nyingine naiweka akiba, nitacheka kesho." Akaona ni jibu la haki kabisa. Watoto wangu wamelichukua neno hilo, na daftari ninamobandika picha zangu limeandikwa juu yake KUCHEKA NUSU.

Kisiwani tuliuona msikiti mkuu na ngome ya Gereza, kisha tukaenda Husuni Kubwa, jumba lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, zama zile zile Ibn Battuta alipofika Kilwa, mwaka 1331. Humo kuna birika la kuogea la pembe nane, sasa ni kavu, na mbele yake bahari. Nilifunga kilemba kwa kanga ya mke wangu, nikasimama kando ya birika, nikauinua uso kwa madaha, mdomo umeelekea Songo Mnara. Binti yangu ndiye aliyepiga. Ukiitazama picha ile huwezi kusema kwamba sultani ana ugonjwa. Utasema ana dharau kidogo, kama inavyowapasa masultani.

Neno "mapendekezo"

Februari 2023 aliyekuwa akisoma taarifa kwa niaba yangu alipata dharura siku ile ile ya mkutano. Mkubwa wangu akaniuliza kama tuahirishe. Nikasema, "Nitasoma."

Sitawadanganya kwamba nilisoma vizuri. Magoti yalicheza. Nilianza kwa kuwaambia wajumbe, "Mkiona nacheka nusu, msidhani nawadharau, nusu nyingine iko njiani inakuja." Ukumbi ukacheka, na safari hii hakuna aliyetazama karatasi. Neno "mapendekezo" lilinikwama mara mbili. Mara ya tatu likapita. Nilisoma dakika arobaini, nikajibu maswali, nikaketi. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Jioni mke wangu aliniuliza mkutano ulikuwaje, nikamwambia chai haikumwagika. Tangu siku ile nasoma taarifa zangu mwenyewe.

Nimejiuliza sana kwa nini mambo haya ya kitoto yalinisaidia wakati mawaidha mema ya watu wazima hayakunisaidia, na jibu nililolipata ni hili. Mahali pageni hakuna mtu anayekulinganisha na ulivyokuwa jana, na wewe mwenyewe huna nafasi ya kujilinganisha, maana una njia ya kutafuta na bei ya kuuliza. Mzaha nao unamwahi mchekaji: ukijicheka wewe kwanza, kwa kupenda kwako, wa pili hana kitu kipya cha kuleta. Na picha ni shahidi. Siku ambazo moyo ulinidanganya kwamba sijafanya lolote, nilifungua daftari nikamwona mtu mwenye manyasi kichwani amesimama Kolo. Nikasema huyu alifika, basi na mimi naweza kufika.

Safari hazikuponya neva yangu. Zilizoiponya, kwa kadiri ilivyopona, ni dawa, mazoezi na wakati. Wala hakuna haja ya fedha nyingi: safari yangu ya bei ndogo kuliko zote ilikuwa kilima cha mawe nyuma ya mtaa ninaoishi, ambacho nilikitazama miaka minne bila kukipanda. Tena mkijipiga picha, kuweni na adabu. Msiguse michoro ya kale wala kuimwagia maji ing'ae, kama wajinga wengine walivyofanya. Msipande magofu. Msisimame juu ya reli au ukingoni mwa jabali kwa kutafuta sifa. Na msipige picha ya mtu mwingine kwa kumdhihaki. Uso ulioruhusiwa kuuchezea ni wako peke yako.

Neno kwa wadogo zangu

Najua katika kila bweni humu yumo mmoja anayejificha. Mmoja ana kigugumizi, mwingine ana kovu, mwingine sare yake imepauka, mwingine alishindwa mtihani mbele ya darasa zima. Na kila bweni lina mafundi wa kubuni majina ya utani. Nawaomba mafundi hao wapumzike. Jina mnalolitoa kwa dakika moja mwenzenu atalibeba miaka ishirini. Na wewe unayejificha, nakuomba Jumamosi hii usilale. Mwombe mwalimu ruhusa, mpande na wenzako ule mlima wa nyuma ya shule, mfike juu, upige kelele.

Ndugu Mwenyekiti, ratiba inaonyesha kwamba saa kumi jioni tutapiga picha ya pamoja mbele ya jengo la utawala, pale pale tulipopiga mwaka 1997. Golikipa wetu yupo, nimemwona, naye bado ni mrefu. Nimekwisha kumwomba asimame nyuma. Mimi nitakaa chini, safu ya mbele, katikati, na mpiga picha akisema tucheke nitacheka kwa kadiri shavu litakavyoniruhusu.